Hewa ya Entebbe, Bati la Koboko

Andiko hili ni refu kidogo. Anayesoma kwa bando la kuombaomba alipakue kwanza, alisome usiku taratibu. Na wale wa "fupisheni bwana" mtuvumilie leo, maana jambo lenyewe limefupishwa mno na wakubwa, ndiyo sababu limeharibika.

Kuna shirika moja, jina tunaliacha, linataka kujenga madarasa matatu kwenye makazi ya Lobule. Ni jambo zuri na hakuna anayelipinga. Kwenye kikao walitutolea slaidi. Moja ya slaidi hizo ilikuwa picha ya darasa lililopakwa rangi: bluu chini walipokaa watoto, njano katikati, wekundu kidogo pale juu karibu na paa. Chini ya picha iliandikwa kwamba joto ndani ya darasa litakuwa nyuzi 27 mwaka mzima. Watu wakapiga makofi. Wazee wakatikisa kichwa kwa kuridhika, eti kompyuta imesema.

Sasa, mmoja wetu alikuwa amekaa mbele kabisa, akasoma yale maandishi madogo ya pembeni ambayo huwa yanaandikwa ili yasisomwe. Yalisema mambo matatu. Hali ya hewa iliyotumika: Entebbe. Idadi ya watu darasani: 40. Na paa: mabati yenye dari chini yake.

Tukauliza. Tukajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, tuwaachie mainjinia. Basi tumewaachia wiki tatu, na leo tunaandika.

Tuanze na Entebbe. Entebbe iko ufukweni mwa ziwa ambalo Waganda huliita Nalubaale na wengine Viktoria. Ziwa kubwa vile ni kama mtungi uliokaa kivulini: mchana linapoza, usiku linarudisha joto, na siku zote za mwaka zinafanana. Mvua inanyesha huko misimu miwili. Sisi huku hatuna ziwa. Tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kisha ukavu wa Desemba hadi Machi, vumbi, upepo mkavu kutoka kaskazini, nyasi zinachomwa, na adhuhuri ya Februari inapita nyuzi 30 kirahisi bila hata kuomba ruhusa. Kwa urefu kutoka usawa wa bahari, Arua na Entebbe zinakaribiana, zote mbili ziko kwenye mita 1,200 hivi au pungufu kidogo, kwa hiyo mtu wa ofisini akiangalia namba hiyo peke yake anaona ni sawa tu. Si sawa! Tena hata Arua yenyewe si Rhino Camp. Ukishuka kutoka mjini kwenda mtoni unateremka zaidi ya mita 500, na hewa huongeza joto kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Yaani ndugu zetu wa karibu na mto wako na nyuzi tatu zaidi yetu kabla hata hujataja paa. Kila mtu aliyepanda boda kwenda Rhino Camp anajua hivyo kwa jasho lake. Kompyuta haikujua kwa sababu hakuna aliyeiambia.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo, na tunaomba tueleweke vizuri. Sisi hatupingi kompyuta. Kuna wenzetu waliotoka kwenye kile kikao wakisema "mnaona, hizi simulesheni ni uongo wa wazungu, tujenge kama tulivyozoea." Hapana. Simulesheni ni hesabu. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alichapisha kitabu kizima juu ya namna joto linavyotembea ndani ya vitu, na mpaka leo programu hizi zinasimama juu ya hesabu yake. Unagawa jengo vipandevipande: paa, ukuta, sakafu, dirisha, hewa ya ndani. Kila kipande unakipa unene wake na tabia yake. Halafu unaiuliza kompyuta: saa hii jua limeleta kiasi gani, hewa ya nje ni nyuzi ngapi, upepo unavuma vipi, watu wangapi wamo ndani, basi kila kipande kitakuwa na joto gani? Ikimaliza saa hiyo inahamia saa inayofuata, mpaka saa zote 8,760 za mwaka. Mtu mwenye kalamu anaweza kufanya saa moja au mbili. Za mwaka mzima atazeeka.

Lakini hata hizo saa mbili tuzifanye, hebu, ili asitokee tena mtu kutuambia ni mambo ya kitaalamu.

Chukua adhuhuri moja ya Februari, hewa ya nje nyuzi 33. Jua linaleta kama wati 900 kwa kila mita mraba ya paa. Bati kuukuu lenye kutu linameza kama asilimia 80, yaani wati 720. Hewa ya nje inalipoza, na kadirio la kawaida la mainjinia ni wati 20 kwa mita mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. 720 gawa kwa 20, unapata 36. Toa nyuzi nne hivi zinazotorokea angani. Kwa hiyo paa linakuwa kama vile liko kwenye hewa ya nyuzi 65. Na bati lenyewe halizuii chochote. Unene wake ni kama theluthi moja ya milimita, ni chuma, joto linapita kama mtu anayepita mlango usio na bawaba. Kinachochelewesha ni hewa kidogo tu iliyogandamana chini yake. Ukipiga hesabu, kila mita mraba inashusha ndani kama wati 150. Darasa la mita 7 kwa 9 lina mita mraba 63. Zidisha: zaidi ya wati 9,000. Pasi ya umeme ni kama wati 1,000. Juu ya vichwa vya watoto kuna pasi tisa zimewashwa, na mwalimu anashangaa kwa nini wanasinzia.

Sasa ongeza watoto wenyewe. Mtoto aliyekaa anatoa joto kama wati 75. Ile slaidi iliweka watoto 40, yaani wati 3,000, pasi tatu. Nani kati yenu ameona darasa la watoto 40 kwenye makazi? Atuonyeshe tumpeleke mwanetu. Weka 120, ambalo hapa si darasa la ajabu: wati 9,000. Pasi tisa nyingine. Kwa hiyo ndani ya chumba kuna pasi 18, na slaidi imeficha sita kwa kubadilisha namba moja tu kwenye kisanduku kimoja.

Joto hilo litatoka kwa njia gani? Kwa hewa. Kwa mwinuko wetu huu, mita moja ya ujazo wa hewa inabeba kama jouli 1,000 kwa kila nyuzi moja. Kama madirisha ni yale ya bati yanayofungwa kwa sababu ya vumbi, na hewa inayopita ni mita moja ya ujazo kwa sekunde, hesabu hii ya mkono inadai ndani pazidi nje kwa nyuzi 18. Ikipita mita sita kwa sekunde, pazidi kwa nyuzi tatu tu. Ni kweli, nyuzi 18 hazitafika zote, kwa sababu ukuta na sakafu vinameza, na kadiri ndani kunavyopanda ndivyo paa linavyoshusha kidogo. Kila kitu kinamsukuma mwenzake. Ndiyo maana kompyuta inahitajika! Lakini mwelekeo umeuona kwa kalamu tu. Umeona kwamba dirisha linashinda karibu kila kitu, na kwamba idadi ya watoto ina uzito sawa na paa zima.

Halafu lile jambo la tatu, dari. Hili ndilo lililotuudhi kuliko yote. Picha ilikuwa na dari. Orodha ya vifaa na bei, ile iliyobandikwa kwa ajili ya mafundi, haina dari. Imeondolewa. Tulipouliza tukaambiwa bajeti imebana. Sawa, bajeti inabana, tunajua, sisi tumeishi ndani ya bajeti zilizobana tangu tuvuke mpaka. Mgao wa chakula unapunguzwa tunakaa kimya. Lakini kama umeondoa dari, rudi kwenye kompyuta uondoe dari humo pia, ubofye tena, ulete picha mpya hata kama imekuwa nyekundu yote. Kuuza jengo moja kwa picha ya jengo lingine, kwetu sokoni Arua kuna jina lake, na mtu hufuatwa na vijana kwa ajili hiyo.

Tunasikia tayari jibu: "Ninyi vijana, watu hawana madarasa kabisa, watoto wanasoma chini ya mwembe, ninyi mnazungumzia nyuzi." Mzee wetu mmoja kasema hivyo hivyo, na tunamheshimu. Lakini mzee, chini ya mwembe ni afadhali! Mwembe hauna bati. Mtoto akitolewa kivulini akaingizwa kwenye chumba cha pasi 18, tumemsaidia au tumemfungia? Na hii si hadithi ya mbali. Ukitoka Koboko ukapita Oraba umeingia Sudan Kusini. Machi 2024 serikali ya huko ilifunga shule zote kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 ikafunga tena, wiki mbili, baada ya wanafunzi wa Juba kuwa wanaanguka na kuzimia. Wengi wetu tuna mashangazi na binamu huko. Na kwetu Uganda muhula wa kwanza unaanza Februari, yaani tunawafungulia watoto darasa pale pale jua linapokuwa kali. Mwisho wa Machi, kwa latitudo ya Koboko, jua la adhuhuri linapita juu ya utosi kabisa. Paa ndilo linalopigwa, ukuta hauna habari.

Na si watoto tu. Kwenye paketi nyingi za dawa imeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Nenda kaangalie stoo ya dawa yenye paa la bati tupu na dirisha dogo, halafu uje utuambie ile dawa ya mama ilikaa kwenye nyuzi ngapi kabla hajapewa. Hapo hakuna hata haja ya kubishana juu ya starehe.

Wengine wanasema simulesheni ni anasa, ni ya maghorofa ya Kampala yenye eya kondisheni. Hapo kuna ukweli nusu. Programu maarufu kuliko zote, EnergyPlus, ilitengenezwa kwa fedha za Wizara ya Nishati ya Marekani, toleo la kwanza likatoka 2001, likiwa limerithi programu mbili za zamani zilizozaliwa baada ya mafuta kupanda bei miaka ya 1970. Wamarekani walitaka kujua bili zao za kupoza na kupasha joto majumba. Kwa hiyo ukiifungua bila kuibadilisha mipango yake, inadhani jengo lako limefungwa vizuri, madirisha yana vioo, na kuna mashine ya kupoza mahali fulani. Lazima uiambie: hapana, sisi tuko na dirisha la bati, tuko na nafasi kati ya ukuta na paa, hewa inajipitia. Inakubali. Na ni ya bure! Hainunuliwi, haikodishwi, inakaa kwenye laptopu yetu ile ile yenye kioo kilichopasuka, na kuendesha darasa moja kwa mwaka mzima inachukua muda mfupi kuliko kusubiri chapati. Hali ya hewa nayo ni ya bure: Tume ya Ulaya ina tovuti inayoitwa PVGIS, unabofya Lobule kwenye ramani, unapakua mwaka mzima wa jua na joto, saa kwa saa. Dakika mbili. Mtu aliyelipwa ada ya ushauri akaacha Entebbe mle ndani hakukosa fedha. Alikosa kujali, au alijua hakuna atakayesoma maandishi madogo.

Hata hiyo hali ya hewa ya kupakua tusiiabudu, lakini. Mwaka wake si mwaka uliowahi kutokea. Wanachukua Januari ya kawaida kutoka mwaka huu, Februari ya kawaida kutoka mwaka ule, wanaunganisha. Ni mwaka mpole, na mtoto hazimii kwenye mwezi wa kawaida, anazimia kwenye ile wiki mbaya. Pia joto lake linatoka kwenye mahesabu ya dunia nzima yaliyogawanywa kwa miraba ya kilomita 30 hivi kila upande, kwa hiyo mraba mmoja unaweza kubeba mlima, bonde na mji kwa pamoja. Ndiyo maana tunadai pia vipimajoto. Vya ukutani, vya kawaida, vitatu au vinne, ndani ya madarasa yaliyopo sasa, vikisomwa kila saa na wanafunzi wenyewe. Programu ikisema 34 na kipimajoto kikasema 38, basi programu ndiyo irekebishwe. Kuna watu wamefanya hivyo vizuri: Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza na wenzao wa Jordan walikwenda kwenye makambi ya Azraq na Zaatari, wakapima ndani ya vibanda, wakawauliza wakaaji wanajisikiaje, ndipo wakaingia kwenye kompyuta kuchagua kuta na paa. Kwanza kupima, halafu kuuliza, halafu kubofya. Kwetu ilianza slaidi.

Tumgeukie sasa yule anayesema turudi kwenye nyasi. Kwa joto, amesema kweli tupu. Paa la nyasi lenye unene wa sentimita 20 linazuia joto kiasi ambacho bati halioti hata ndotoni, na ukuta wa udongo wa sentimita 30 unachelewesha joto la mchana kwa muda wa saa 8 hadi 10, linafika ndani usiku wakati kumepoa. Bibi zetu walijua bila Fourier. Lakini bibi zetu walikuwa na nyasi. Sasa nyasi za kuezekea zinatafutwa mbali, tunagombana na wenyeji juu yake, moto wa jiko moja unakula boma zima, mchwa wanakula kilichobaki, na bati linakupa maji ya mvua kwenye pipa. Mama aliyevuka mpaka na watoto watano ana haki ya kutaka bati. Hatutamwambia aishi kwenye makumbusho. Na yule wa "pandeni miti tu": panda, tunapanda, lakini kivuli cha mche wa leo kitafika darasani mtoto akiwa amemaliza shule.

Kazi ni kulifanya bati livumilike, na njia zinajulikana. Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya kijijini kwao Gando, ikamalizika 2001: matofali ya udongo, dari ya udongo yenye matundu, halafu bati limeinuliwa juu kabisa ya dari, upepo unapita katikati na kubeba lile joto kabla halijashuka. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote za wasanifu majengo. Kando ya Ziwa Turkana, Kenya, alijenga chuo cha vijana cha teknolojia, minara yake inavuta hewa ya moto juu kwa mfano wa vichuguu vya mchwa. Sisi wa West Nile kumbikumbi tunawala na ugali, lakini nyumba yao hatujaiga! Na kabla yake kulikuwa na Mmisri Hassan Fathy. Mwaka 1964 kule Cairo vilijengwa vyumba vya majaribio na kupimwa: kimoja cha tofali la udongo, kingine cha zege la kiwandani. Cha udongo joto lake lilicheza kwa nyuzi mbili tu mchana na usiku, kati ya 21 na 23. Cha zege kilifika 36, juu kuliko hata nje. Zege ndilo lililoendelea kujengwa. Hatusemi zaidi.

Hapa Uganda tofali la udongo la kushindiliwa, lisilochomwa, tunalo. Dk. Moses Musaazi wa Makerere alifanya kazi miaka mingi juu ya matofali ya kufungamana yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, na faida yake kwetu ni kubwa kuliko joto: tofali la kuchoma linakula kuni, na kuni ndizo zinazotugombanisha na wenyeji kila wiki.

Na kama fedha hakuna kabisa, rudini kwenye kalamu. Paka bati rangi nyeupe. Badala ya kumeza asilimia 80 linameza kama 25. Wati 225 gawa kwa 20 ni 11, toa nne, unabaki na nyuzi saba juu ya hewa badala ya 32. Pasi tisa za paa zimekuwa mbili. Mbili! Kwa ndoo za rangi. Ni kweli vumbi la Januari litalichafua, litabidi lioshwe, na kuna siku litabidi lipakwe upya. Nani atapanda kuosha, hilo ni swali la kikao na tunalipokea. Dari ya mikeka ya mafunjo inafumwa na akina mama wa hapa hapa, inaongeza pengo la hewa chini ya bati, ila iwekwe mbali na moto na matundu ya kutolea hewa yaachwe wazi juu, la sivyo umetengeneza kifuniko cha sufuria.

Hili la mwisho ndilo tunalolihitaji simulesheni itueleze: rangi peke yake? Rangi na mikeka? Au madirisha mapana zaidi bila dari? Ipi inapunguza saa nyingi za juu ya nyuzi 32 kwa shilingi ile ile? Hayo ndiyo maswali ya kuiuliza kompyuta. Kuiuliza "tupe picha nzuri ya kikao" ni kumtuma ng'ombe sokoni akanunue chumvi.

Kwa hiyo tunasema kwa shirika hilo, na kwa kila atakayekuja baada yake na slaidi za rangi. Tupeni faili. Picha tumeziona za kutosha. Faili la modeli ni maandishi tu, linatumwa hata kwa WhatsApp, linafunguka bure. Ndani yake tutaona mmeweka hewa ya wapi, watoto wangapi, dirisha limefunguliwa kwa kiasi gani, dari ipo au haipo. Kama mmeweka vizuri, tutakuwa wa kwanza kuwatetea mbele ya wazee. Mnasema mradi ni wa jamii, basi na faili ni la jamii. Na madarasa yakishajengwa, vipimajoto vibaki ukutani mwaka mzima, namba zake zibandikwe pale pale kwenye ubao mlipobandika majina ya wafadhili.

Kwa wanafunzi wa Muni University, hapo hapo Arua: ninyi mnasoma kompyuta kilomita chache kutoka hapa. Njooni. Hatuna posho ya kikao, tuna chai.

Modeli yetu ya Lobule tumeshaijenga, yenye watoto 120, mara moja na dari na mara moja bila dari. Matokeo hatuyabandiki hapa kama picha, maana tutakuwa tumefanya kile kile tunachokikataa. Jumamosi saa nane mchana, kituo cha vijana, faili litafunguliwa mbele ya kila mtu, mwenye laptopu aje nayo alinakili, abadilishe anachotaka, atuonyeshe tulipokaza na tulipolegeza. Shirika limealikwa kwa barua, na OPM na RWC wamepewa nakala. Kandarasi ya paa inatiwa sahihi mwisho wa mwezi, kwa hiyo hakuna "wiki ijayo".

Vipimajoto viwili vimepatikana, tunatafuta viwili zaidi. Na mwenye ngazi ndefu atuazime tukapime mapengo ya juu ya ukuta. Ile ya kanisani imevunjika.